Arobaini ya Mzazi katika Kisiwa Panza na Pwani Yetu

Wako watu siku hizi, katika miji yetu na zaidi katika Ulaya na Marekani, wanaowafundisha wazazi wapya jinsi ya kukaa nyumbani na vitu vichache. Huandika vitabu vizima juu ya jambo hili, kwamba mtoto mchanga hahitaji kitanda chenye nakshi, wala gari la kusukumwa, wala kabati la nguo. Kama mafundisho hayo yangesomwa mbele ya mabibi wa Kisiwa Panza, nadhani wangecheka, maana wangeambiwa waviache vitu ambavyo hawakuwa navyo tangu kuzaliwa. Lakini cheko hilo lisitudanganye. Nyumba yenye vitu vichache yaweza kuwa nyumba ya amani, tena yaweza kuwa nyumba ya dhiki, na mpita njia hawezi kuzitofautisha kwa kuchungulia mlangoni tu. Nataka kueleza, kwa habari za zamani, ni nini kilichomwezesha mzazi wa pwani kukaa na vichache bila kuangamia.

Kisiwa Panza ni kisiwa kidogo upande wa kusini wa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na kwa dini ni Waislamu, wala sisi Wakristo hatupungukiwi na kitu tukijifunza kwao. Chumba cha mzazi katika visiwa hivi, kwa desturi ya zamani, vyombo vyake viliweza kuhesabiwa kwa vidole: kitanda cha kamba, mkeka wa ukili, mtungi wa maji na kata yake, chungu cha kuchemshia, chetezo cha kufukizia ubani, mafuta ya nazi, na nguo. Angalia jinsi mnazi ulivyotawala chumba hicho. Kata ilikuwa kifuu kilichotiwa mpini. Mafuta yalitoka katika nazi, na paa lilikuwa la makuti. Hata kamba ya kitanda ilitoka humo, maana makumbi hufukiwa katika tope la pwani mpaka yaoze, kisha wanawake huyafukua, huyaponda kwa magongo, na kuzisokota nyuzi zake. Kazi hii ni ngumu na harufu yake ni mbaya, lakini kitanda chake hupitisha hewa kuliko godoro, na kamba ikichakaa hutupwa shambani ikawa udongo. Hapana kitu katika chumba kile kilichobaki kuwa taka baada ya kufa kwake.

Humo ndimo mzazi alimokaa siku arobaini. Hesabu hii si ya pwani peke yake. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 12, mwanamke aliyezaa mtoto mwanamume hukaa siku 7, na tena siku 33, ndizo 40. Aliyezaa mtoto mwanamke hesabu yake ni maradufu. Siku zikitimia hupeleka mwana-kondoo pamoja na njiwa. Lakini asiyeweza kumpata mwana-kondoo huruhusiwa kuleta ndege wawili tu. Mtakatifu Luka atuambia katika sura ya 2 kwamba sadaka aliyopelekewa Bwana wetu Hekaluni ilikuwa ile ya ndege wawili. Basi twajua kwa hakika ya Maandiko kwamba Mariamu alikuwa mzazi wa nyumba yenye vichache. Na Waislamu wa pwani, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Kishafi, wamefundishwa kwamba damu ya uzazi kwa kawaida hukaa siku 40, ingawa kwa wengine hufika 60.

Mtu asidhani kwamba arobaini ilikuwa desturi ya maskini tu. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baadaye alikwenda Aden, na huko mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa na mfanya biashara Mjerumani. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1886 aliwaeleza Wazungu jinsi watoto wachanga wa jumba lile walivyooshwa kwa maji ya moto na kufungwa vitambaa mwilini katika siku zao arobaini za kwanza. Jumbani palikuwa na dhahabu na watumishi wasiohesabika, na kijijini palikuwa na mkeka. Lakini maji ya moto, kitambaa na hesabu ya siku vilikuwa vile vile.

Sasa tuseme habari za nguo, maana katika chumba cha mzazi nguo ndiyo iliyofanya kazi nyingi kuliko vyote. Lugha yetu imeweka kumbukumbu ya ajabu hapa. Mkaja ni nguo aliyojifunga mzazi tumboni baada ya kuzaa, na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Lakini majina hayo hayo ni majina ya zawadi ambazo mama wa bibi arusi hupewa binti yake anapoolewa. Yaani baada ya miaka kumi na mingapi, watu wa mume huja kumlipa mama zile nguo mbili alizozichakaza katika kumlea binti huyo. Nimesoma mafungu mengi ya sheria za mahari, nami sijaona lingine lililohesabu kwa haki hivi jasho la mama.

Nguo hizo zilitoka wapi? Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za mji wa Salem zikaleta nguo nzito ya pamba, isiyotiwa rangi, ambayo watu waliiita merikani kwa jina la nchi ilikotoka. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, tangu mwaka 1861 hata 1865, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikapata nafasi. Merikani, na kaniki iliyotiwa nili, ndizo zilizokuwa nguo za watumwa. Na hapa hapana budi tuseme neno lisilopendeza.

Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja, lakini mikarafuu mingi ya Pemba ikapona. Tangu hapo Pemba ikawa kisiwa cha karafuu kupita Unguja. Karafuu zilitaka mikono, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Mama mtumwa alikuwa na vitu vichache kuliko mtu ye yote, lakini uchache wake haukuwa hekima. Siku zake hazikuwa mali yake, na mtoto aliyemzaa na mume mtumwa alikuwa mali ya bwana wake. Ikiwa alipewa arobaini, alipewa kwa huruma ya mtu. Ikiwa alinyimwa, hapakuwa na kadhi wa kumwendea. Hata ilipofika tarehe 6 Aprili 1897, Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri kwamba mahakama za Unguja na Pemba zisiutambue tena utumwa. Masuria walibaki nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Katika mwaka ule ule wa 1897 Wakristo wa Marafiki walianza kazi Pemba, wakaweka makao yao Banani, karibu na Chake Chake.

Basi haishangazi kwamba wanawake waliopata uhuru waliikimbilia kanga. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso, ambalo ni neno la Kireno, wakazishona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Kisha wafanya biashara wakaanza kuipiga chapa nzima, na mwisho wa karne ya kumi na tisa kanga ilikuwa imeenea. Mwanamke aliyevaa kaniki kwa amri sasa alichagua rangi yake mwenyewe. Na alipozaa, jozi moja ya kanga ilimtosha kwa mengi, maana aliweza kuifanya shuka, na mkaja, na ubeleko, na taulo, na pazia la mlango, na kanga kuukuu ilipasuliwa ikawa winda la mtoto.

Hata hivyo sikubali kwamba nguo na mkeka ndivyo vilivyomlinda mzazi. Tufanye hesabu ndogo. Kwa desturi mzazi hukandwa kwa maji ya moto, asubuhi na jioni. Katika siku arobaini ni mara themanini. Mara themanini mtu lazima ateke maji, akoke moto, achemshe, amkande, kisha aondoe majivu. Zaidi ya hayo uko uji wa pilipili manga, na mchuzi wa pweza utakao kuteremsha maziwa, na winda za kufua, na watoto wengine wa nyumba wanaolia njaa. Mzazi hakufanya hata moja la hayo. Walifanya mama yake, au mkwewe, au mkunga, au jirani aliyejua kwamba zamu yake mwenyewe itakuja. Chumba kilikuwa na vyombo vichache kwa sababu kilikuwa na mikono mingi. Wanaofundisha leo mjini kupunguza vitu mara nyingi hulisahau jambo hili, kwa kuwa mzazi wao yu peke yake kati ya kuta nne, naye mume yu kazini. Mwondolee mama huyo vyombo vyake usimpe mtu wa kumsaidia, nawe umemtwisha mzigo wa pili.

Tena moto ule ulikula kuni, nazo kuni za Kisiwa Panza zilikuwa karibu: mikoko na mikandaa, miti yenye makaa makali. Hapa mazoea yetu ya zamani hayana sifa. Mikoko ilikatwa kwa boriti, na kwa chokaa, na kwa jiko, na bahari ikapata njia. Watu wa Kisiwa Panza wameona maji ya chumvi yakiingia katika mabonde yao ya mpunga, na minazi ya ufukoni ikianguka, ile minazi iliyotoa kamba ya kitanda na mafuta ya mtoto. Wenyeji wameanza kuipanda mikoko tena katika matope. Mti wa mkoko haukui kwa mwaka mmoja. Wanawake walioichomeka miche hiyo wanawapandia wajukuu.

Liko na jambo la kifo, nami silipiti kimya. Mikono mingi ilikuwa na upendo, lakini haikuwa safi sikuzote. Kitovu kilichokatwa kwa wembe usiochemshwa, au kilichopakwa majivu, kiliweza kumtia mtoto pepopunda, akafa kabla ya arobaini kutimia, na watu wakasema ni shetani. Na mama avujaye damu hapana mkaja uwezao kumfunga. Huyo hana budi avushwe maji mara moja, apelekwe Mkoani katika Hospitali ya Abdalla Mzee. Kutumia vichache kusiwe kisingizio cha kukataa mashua ya kwenda hospitali.

Lakini elimu nayo yaweza kuthibitisha uchache. Tangu mwaka 2011 hata 2013 waganga walipeleleza Pemba juu ya vitovu vya watoto zaidi ya 36,000. Watoto wengine walipakwa dawa iitwayo klorheksidini, na wengine kitovu chao kiliachwa kikavu na safi. Habari zilipotolewa mwaka 2016, haikuonekana kwamba dawa ile ilipunguza vifo kwa kadiri ya kuaminika. Kwa hiyo mzazi wa Pemba aliyeambiwa aoshe mikono na kuacha kitovu kikauke, asipake majivu wala kitu cho chote, hakunyimwa kitu. Vivyo hivyo katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, mganga Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko vyombo vya kuwatia joto; akaamuru wafungwe kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo imeenea ulimwenguni, nasi twaitambua, maana ni ubeleko uliogeuzwa mbele.

Katika maziwa vita vilikuwa vikali zaidi. Mganga Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, alisema waziwazi huko Singapore mwaka 1939 kwamba kuwashawishi mama maskini kununua maziwa ya kopo ni kuwaua watoto wao. Ilipita zaidi ya miaka arobaini kabla ya mataifa, katika mkutano wa afya wa Geneva wa Mei 1981, kukubali kanuni ya kuzuia matangazo ya maziwa hayo. Kopo lile huhitaji maji safi, na chupa iliyochemshwa, na kuni zaidi, na fedha za kila juma. Titi halihitaji hata kimoja, ila lamhitaji mama aliyekula na aliyelala.

Na mama hali wala halali pasipo watu. Wanaume wa Pemba huenda dago, wakapiga kambi mbali majuma kadhaa wakivua. Mume ambaye mkewe yu karibu kuzaa yampasa kuhesabu zile mara themanini kabla ya kupandisha tanga: kuni zimepasuliwa kiasi gani, kisima ki umbali gani, na nani, kwa jina, atakayeamka alfajiri kukoka moto.