Penseli Nyekundu ya Sir Percy, na Vile Kuwait Ilikatwa Bila Kuulizwa

Wasee, kila mara mtu akiposti ramani ya Uarabuni, lazima mmoja aandike ati mzungu alichukua rula akachora mchanga mtupu. Hiyo hasira naielewa. Shida yangu ni hapo kwa "mchanga mtupu." Jangwa halikuwa tupu, na kisa cha Uqair, kwa maoni yangu, ni kibaya kuliko hicho cha rula.

Uqair ni bandari ndogo ya zamani, pwani ya mashariki ya nchi tunayoiita leo Saudi Arabia. Mwisho wa Novemba 1922 mahema yalisimamishwa pale ili mipaka itatuliwe. Mwenyeji alikuwa Abdulaziz Ibn Saud, Sultani wa Najd. Usimwite mfalme wa Saudia bado, juu nchi ya jina hilo haikuwepo. Iraq, nchi mpya iliyokuwa chini ya Waingereza, ilituma waziri wake, Sabih Bey. Mwenye kusimamia kikao alikuwa Sir Percy Cox, Kamishna Mkuu wa Uingereza kule Iraq.

Na Kuwait je? Kuwait iliwakilishwa na Meja J. C. More. Ndiyo, umesoma vizuri, Mwingereza, wakala wa serikali ya London pale Kuwait. Mwenye Kuwait, Sheikh Ahmad al-Jabir, hakuwepo. Yaani kesi ya shamba lako inasikizwa, wakili wako ni mtu wa hakimu, na wewe uko nyumbani unangoja kuambiwa vile imeenda.

Sasa ugomvi wenyewe. Watu wa kule hawakuhesabu ardhi kwa mistari. Walihesabu kwa visima na kwa watu. Kila kabila lilikuwa na dira yake, eneo linalozunguka na mifugo mwaka mzima. Mvua ikinyesha kaskazini, ngamia wanaenda kaskazini. Jua likikaza, wanarudi kwenye visima walivyovizoea. Na mtawala wako alikuwa nani? Yule unayempelekea zaka. Kwa hivyo Ibn Saud alisema: tukubaliane kwanza kabila gani ni la nani, mpaka utafuata watu.

Nisiwadanganye, mzee hakuwa malaika. Baadhi ya hayo makabila yalifika na mifugo yao hadi karibu na mto Euphrates, kwa hivyo hesabu yake ingempeleka ndani kabisa ya Iraq. Mwezi wa Mei mwaka huohuo maafisa wake walikuwa wametia sahihi mkataba wa Muhammara na Iraq, yeye akaukataa. Na wapiganaji wake, Ikhwan, walikuwa wameshambulia Jahra, nje kidogo ya mji wa Kuwait, Oktoba 1920. Kuwait ilijenga ukuta kuzunguka mji mwaka huo juu ya hofu yao. Kwa hivyo hata huyo aliyesema "tufuate watu" alikuwa na upanga nyuma ya mgongo.

Cox hakuwa mgeni wa wafugaji. Kabla ya kuja Ghuba alifanya kazi Zeila na Berbera, Somaliland, miaka ya 1890. Aliwajua watu wanaohama na ngamia. Bado alitaka mstari, maana mstari unaweza kuandikwa kwa mkataba na kutumwa London.

Siku tano zilipita watu wakivutana. Yaliyofuata tunayajua zaidi kutoka kwa Harold Dickson, afisa aliyekuwa akitafsiri, na aliyaandika kwa kitabu kilichotoka 1956, zaidi ya miaka 30 baadaye. Kwa hivyo yachukue kwa tahadhari, mwandishi naye anapenda stori nzuri. Anasema siku ya sita Cox alichoka, akamgombeza Ibn Saud kama mtoto wa shule, na Ibn Saud karibu alie, akasema Cox ni baba na mama yake. Kisha Cox akachukua penseli nyekundu, akachora mpaka kutoka Ghuba kuelekea magharibi.

Mstari huo uliipa Iraq eneo kubwa ambalo Najd ilikuwa inadai. Sasa ilibidi Ibn Saud apozwe. Alipozwa na nini? Na Kuwait. Karibu theluthi mbili ya ardhi ambayo Kuwait ilihesabu kuwa yake ilikwenda Najd. Dickson anasema jioni Ibn Saud alilia kwa kupoteza nusu ya ufalme wake, Cox naye akatoa machozi, akamwambia ndiyo maana nimekupa ardhi ya Kuwait. Wanaume wawili wanaliliana, na aliyekatwa hata hayuko hemani.

Hapa ndipo damu yangu inachemka. Mwaka 1899 Sheikh Mubarak wa Kuwait alitia sahihi mapatano na Waingereza. Aliahidi kutouza, kutokodisha wala kutotoa kipande chochote cha ardhi yake kwa dola nyingine bila ruhusa ya Uingereza, na yeye apate ulinzi wao. Mwaka 1913 Uingereza na Waturuki walikubaliana eneo la Kuwait, duara nyekundu karibu na mji na duara ya kijani pana zaidi kwa makabila, ingawa Vita Kuu vilikuja kabla ya mkataba huo kuidhinishwa. Halafu 1922, mlinzi aliyekataza mwenye nyumba kuuza ndiye aliyegawa. Hakuvunja hata neno moja la karatasi ya 1899, juu karatasi ilimfunga sheikh, haikumfunga Uingereza.

Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 2 Desemba. More alisaini kwa niaba ya Kuwait. Ndipo Cox akaenda kumpa Sheikh Ahmad habari. Kwa mujibu wa Dickson, jibu lilikuwa kwamba bila hivyo Ibn Saud angeichukua ardhi hiyo kwa nguvu tu. Labda ni kweli. Lakini hiyo si lugha ya mlinzi.

(Kwa wale wanaotaja Saddam na 1990 hapa: mpaka wa Kuwait na Iraq ni stori nyingine, Cox aliuthibitisha kwa barua mwaka 1923. Msichanganye.)

Kitu ambacho watu hupita haraka ni maeneo mawili ya pamoja yaliyoachwa kwenye hiyo ramani, moja kati ya Najd na Iraq, lingine kati ya Najd na Kuwait. Wafugaji wa pande zote wangeweza kulisha na kunywesha humo. Kwangu mimi hapo Cox alikubali kimyakimya kwamba Ibn Saud alikuwa na hoja. Mkataba pia ulikataza kujenga ngome kwenye visima vya mpakani. Iraq ilipojenga kituo cha polisi Busayya, Ikhwan wa kabila la Mutair walikishambulia Novemba 1927, ndege za Waingereza zikajibu kwa mabomu.

Halafu mafuta. Yalipatikana Wafra, ndani ya eneo la pamoja la Kuwait, mwaka 1953. Saudia na Kuwait zilikubaliana 1965 kuligawa eneo hilo, ila mafuta yabaki nusu kwa nusu. Na hata hivyo, mwaka 2014 uchimbaji ulisimama Khafji, 2015 ukasimama Wafra, ndugu wawili wakanuniana hadi Desemba 2019 walipotia sahihi mapatano mapya juu ya kipande kilekile ambacho Sheikh Ahmad aliletewa habari zake baada ya wengine kumaliza.