Kinga juu ya barafu

Kinga, au baiskeli kama wengine wasemavyo, sisi twaijua sana. Yabeba makaa, ndizi, magunia ya muhogo, hata wagonjwa. Adui zake kwetu ni matope na mchanga. Lakini katika nchi za kaskazini yuko adui mwingine: barafu. Huko, kwa miezi mingi ya mwaka, baridi hugandisha maji, theluji hufunika njia, na njia huteleza kama kioo kilichopakwa mafuta. Hata hivyo wako watu wanaokwenda kazini kwa kinga kila siku ya baridi. Wawezaje? Wengi wao hutumia mipira yenye misumari. Mpira huo una historia yake, na historia hiyo yapita hata katika Kongo yetu.

Mpira wa hewa

Kinga za kwanza zilikuwa na magurudumu ya mti na chuma, nazo zilimtikisa mtu mpaka mifupa. Huko Belfast, katika Ireland, alikaa mganga wa wanyama, jina lake John Boyd Dunlop. Mwaka 1887 alijaribu mpira uliojazwa hewa kwenye kinga ndogo ya mtoto wake, yenye magurudumu matatu. Mwaka 1888 akapewa hati ya serikali kwa ajili ya kazi hiyo. Baada ya miaka michache tu, Ulaya na Marekani zote zilitaka mipira.

Lakini mpira ulitoka wapi? Ulitoka katika misitu ya Brazili na ya Kongo. Nchi yetu wakati ule, tangu 1885 hata 1908, ilikuwa mkononi mwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Wazee wetu walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu. Wake zao walifungwa mpaka wanaume walete uzito uliotakiwa. Waliokosa walipigwa viboko, wengine waliuawa, wengine walikatwa mikono. Mwaka 1904 Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, aliandika habari hizo, na watu wa Ulaya wakashtuka. Raha ya wapanda kinga wa mbali ililipiwa na machozi ya watu wasiopata kuiona kinga hata siku moja.

Misumari yaingia

Mpira hushika vizuri barabara kavu, lakini juu ya barafu hauna nguvu. Sababu ni hii: uso wa barafu una utando mwembamba kabisa ulio kama maji. Tena baridi ikiwa ndogo, karibu na sifuri, barafu huteleza zaidi kuliko wakati wa baridi kali.

Watu wa motokaa ndio waliotangulia kutafuta dawa. Mwaka 1905 kampuni Michelin ya Ufaransa iliuza mpira uliovikwa ngozi yenye misumari ya chuma, ili gari lisiteleze. Katika Finlandi kulikuwa na kiwanda cha mpira kilichoanzishwa mwaka 1898. Mwaka 1904 kilihamia mji wa Nokia, na mwaka 1925 kikaanza kutengeneza mipira ya kinga. Mwaka 1934 kiwanda hicho kilitoa mpira wa kwanza duniani wa malori kwa ajili ya theluji, na mwaka 1936 ule wa motokaa. Katika miaka ya 1960 mipira yenye misumari ilienea sana kwenye motokaa, kisha kinga nazo zikapata yake.

Lakini chuma cha kawaida hulika upesi. Njiani si barafu tupu. Pengine theluji imeyeyuka na lami iko wazi, na lami husaga msumari kama jiwe la kunolea. Ilihitajiwa madini ngumu zaidi.

Gundi yake ni kobalti

Madini hiyo ilikuwa imekwisha patikana Berlin. Mwaka 1923 Karl Schröter, aliyefanya kazi katika kampuni ya taa Osram, alichanganya unga wa tungsteni na kaboni pamoja na kobalti, akauchoma kwa moto mkali. Kampuni Krupp ikauza madini hiyo kwa jina la Widia, yaani kwa Kijerumani «kama almasi». Unga wa tungsteni ndio wenye ugumu. Kobalti ndiyo gundi inayoushika.

Na kobalti twajua yachimbwa wapi. Tangu miaka ya 1920 Katanga iliiuza kwa ulimwengu, na leo zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia hutoka Kongo. Tungsteni nayo huchimbwa Kivu na Maniema. Basi ncha ya msumari, ndogo kuliko punje ya mchele, yaweza kuwa na jasho la mchimbaji wa kwetu.

Jinsi ya kuitumia

Mpira mmoja huwa na misumari 100 hata zaidi ya 300. Mwenye mpira mmoja tu aufunge mbele, maana gurudumu la mbele likiteleza mtu huanguka mara moja, lakini la nyuma likiteleza aweza kujishika. Mpira mpya huendeshwa kwanza polepole juu ya lami, kilometa 40 hivi, ili misumari ikae imara. Hewa ikipunguzwa kidogo, misumari mingi zaidi hugusa barafu. Mipira hiyo ni mizito, tena ina kelele. Na katika theluji nyingi iliyo laini haisaidii sana.

Mji wa Oulu

Katika Finlandi uko mji wa Oulu. Katika siku zilizo fupi kabisa za Desemba jua huonekana huko kwa muda usiofika saa nne. Lakini watoto huenda shule kwa kinga hata baridi ikifika digrii 20 chini ya sifuri. Mji ulianza kupanga njia za kinga karibu na mwaka 1970, na leo zapita kilometa 900. Mashine hutoka mapema kusukuma na kushindilia theluji, kabla watu hawajaenda kazini. Kwa hiyo wengi huko huenda hata kwa mipira ya kawaida. Mwaka 2013 mkutano wa kwanza wa mataifa juu ya kinga za wakati wa baridi ulifanyika huko.

Tazama tofauti, msomaji. Msumari humlinda mtu mmoja, yule aliyeweza kuununua. Njia inayotunzwa huwalinda wote: mtoto, bibi mzee, na mfanyakazi asiye na motokaa. Na yule anayefika kazini bila kuanguka amebebwa na mikono mingi asiyoijua: ya mgema mpira, ya mchimba kobalti, na ya mtu aliyesukuma theluji alfajiri. Mgema mpira wa zamani hakulipwa haki yake. Wanaochimba leo tusiache walipwe vivyo hivyo.