WAKLINGONI: TAIFA LA WAPIGANAJI WA KUBUNI

Waklingoni ni viumbe wa sayari ya Kronos katika tamthilia ya Kimarekani ya Star Trek. Walionekana kwanza mwaka 1967, katika sehemu iliyoandikwa na Gene L. Coon.

Mwili
Mklingoni ana mbavu 23, maini mawili na moyo wenye vyumba vinane. Wa binadamu una vinne. Kiungo kikijeruhiwa vitani, cha akiba huendelea na kazi. Matuta ya paji la uso yaliletwa na filamu ya mwaka 1979. Mwaka 2005, waandishi walieleza kuwa Waklingoni wa kabla ya filamu hiyo walikosa matuta kwa sababu ya virusi.

Mila
Kwao heshima ni bora kuliko uhai. Afaye kishujaa huingia Sto-vo-kor, pepo ya wapiganaji. Silaha yao maarufu, bat'leth, ni upanga uliopinda, ulioundwa na msanii Dan Curry. Masimulizi yao husema wa kwanza ulifuliwa na Kahless, aliyemuua mtawala dhalimu Molor na kuasisi dola yao.

Historia
Walibuniwa wakati wa Vita Baridi, wakiwa mahasimu wa Shirikisho la Sayari, muungano wa binadamu na washirika wao. Katika filamu ya mwaka 1991, mwezi wao Praxis unalipuka na kuwalazimisha kutafuta amani.

Lugha
Mwanaisimu Marc Okrand aliijenga lugha yao kwa ajili ya filamu ya mwaka 1984. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1985, na tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare imetafsiriwa kwa Kiklingoni.