Mzimu: Pango la Amboni na Kibanda cha Unyamwezi

Katika Kiswahili neno "mzimu" lina maana mbili. Ya kwanza ni roho ya mtu aliyekufa; ya pili ni mahali roho hiyo inapoombwa, pawe pango, mbuyu au kibanda. Maana hizo zikichanganywa, historia ya ibada za bara huharibika. Na njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora yaonyesha jinsi zilivyochanganyika.

Mfano ulio wazi wa maana ya pili uko pwani. Mapango ya Amboni, yapata kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, yalichimbwa na maji katika mawe ya chokaa yakadiriwayo kuwa na umri wa miaka milioni 150. Wadigo, Wabondei, Wasambaa na Wasegeju wameyaendea kwa vizazi vingi kutambika, na mgeni aingiaye na taa huona sadaka zilizoachwa na watu waombao watoto au afya. Hapo Amboni yatofautiana na Perak Tong, hekalu la Kibudha lililoanzishwa mwaka 1926 katika pango la chokaa huko Ipoh, Malaysia, ambamo binadamu ameingiza masanamu na michoro. Amboni haikuhitaji hekalu. Pango lenyewe ndilo mzimu.

Unyamwezi ni nchi ya miombo na majabali ya matale, si ya mapango ya chokaa. Huko tambiko lilikuwa jambo la ukoo. Mkubwa wa nyumba alijenga kijibanda cha miti na nyasi, akatoa pombe na unga, akawataja wazee wake waliotangulia. Mizimu ilikuwa ni wahenga hao, wenye majina na nasaba. Kibanda kilikuwa mahali pa kukutana nao tu. Kilipooza kilijengwa kingine, na mizimu ilibaki ile ile.

Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba 1857. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 alilitumia neno "mzimu" kukitaja kibanda. Kwa Kiswahili cha pwani matumizi hayo yalikuwa sahihi, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya msafara. Lakini msomaji wa Ulaya aliweza kupata picha ya watu waabuduo nyasi na miti, na wahenga wakatoweka katika habari hiyo.

Lugha zenyewe zatoa ushahidi wa kuwarudisha. Shina -zimu ni la kale na limeenea katika lugha za Kibantu. Waganda husema omuzimu kwa roho ya marehemu. Kinyarwanda huliweka katika ngeli ya watu: umuzimu, abazimu. Katika Kiswahili chenyewe "zimwi" ni kiumbe, na "kuzimu" imehitaji kiambishi cha mahali ili iwe makao ya wafu. Kwa hiyo yaelekea maana ya nafsi ndiyo ya asili, na ile ya mahali ilizaliwa baadaye, jina la mwenyeji likihamia kwenye makao yake.

Hapana budi basi, kila neno hili linapoonekana katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, mtafiti aulize kwanza lilitoka kinywani mwa nani: Mnyamwezi aliyemtaja babu yake, au mtu wa pwani aliyeonyesha mahali kwa kidole.