Kinasametali: kunasa risasi ndani ya asali, kisha kuinasua

Asali inayouzwa Isevya na kata nyingine za Tabora mjini hutoka porini Sikonge, Kaliua na Uyui, kwenye miombo ambako mizinga huning'inizwa juu ya miti. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa makutano ya misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo, na metali zilipita hapa zikionekana wazi: majembe ya chuma, shaba ya Katanga, nyaya za masango. Metali ya makala haya haionekani. Ni risasi inayoweza kuingia ndani ya asali yenyewe.

Asali ina asidi. pH yake kwa kawaida huwa karibu na 4. Ikikaa muda mrefu kwenye chombo cha bati kilicholehemiwa kwa risasi, huimung'unya ile lehemu taratibu. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo: risasi isizidi miligramu 0.10 kwa kilo moja ya asali. Mfugaji nyuki anayetaka kuuza huko anahitaji maabara inayoweza kusoma kiasi hicho bila kubahatisha, na hapo ndipo penye kazi.

Tuhesabu. Chukua gramu 10 za asali iliyofika kwenye kikomo, uziyeyushe katika mililita 100 za maji. Ndani yake mna mikrogramu 1 tu ya risasi, yaani mikrogramu 10 kwa lita. Mashine ya kawaida ya kupima metali kwa mwali wa moto huanza kuyumba katika kiwango hicho. Tena sukari huziba mrija na kuchafua kichomeo. Risasi inapaswa kwanza kutolewa kwenye sukari na kukusanywa mahali padogo.

Kifaa cha kazi hiyo ni unga wa chembe zenye upana wa nanomita chache, yaani sehemu za bilioni za mita. Udogo huo una faida inayohesabika. Mchemraba wa sentimita 1 kila upande una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukiukata wote kuwa michemraba ya nanomita 10, nyuso zake kwa jumla hufika mita 600 za mraba. Metali hushikwa usoni, kwa hiyo uso ndio mtaji. Kiini mara nyingi ni magnetaiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku. Hufunikwa kwa silika ili asidi isiile, kisha juu yake hupandikizwa vikundi vyenye salfa, kwa kuwa risasi, zebaki na kadimi hung'ang'ania salfa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba chembe za magnetaiti za nanomita 12 hivi zinaweza kutoa aseniki kwenye maji na kukusanywa kwa sumaku isiyo na nguvu kubwa.

Je, tukiite nini kitu hiki kwa Kiswahili? Wengi wangekimbilia kifyonzaji. Nalipinga jina hilo. Kufyonza ni kuvuta kitu hadi ndani, kama sifongo na maji, na hapa hakuna kinachoingia ndani. Kinatishi kinakaribia, lakini kunata hakutuelezi jinsi metali inavyoachiwa baadaye. Napendekeza kinasametali, kwa muundo uleule wa kinasa sauti, na kwa ukamilifu kinasametali cha chembenano. Ndege hunaswa kwa ulimbo juu ya tawi, hazami ndani ya tawi. Na anayenaswa huweza kunasuliwa. Kiswahili kimetupa jozi iliyo tayari, unasaji na unasuaji, na jozi hiyo ndiyo kazi yenyewe ya maabara.

Fundi hurekebisha pH ya myeyusho wa asali ifike kama 6, hutia miligramu kadhaa za unga mweusi, hutikisa, kisha huweka sumaku ubavuni mwa chupa. Unga hujikusanya upande mmoja, maji matamu humwagwa. Halafu huongeza mililita 2 za asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Ioni za hidrojeni huchukua nafasi za risasi, nayo hunasuka. Ile mikrogramu 1 sasa imo katika mililita 2: mikrogramu 500 kwa lita, mara 50 ya mwanzo. Mashine ileile iliyokuwa ikiyumba huisoma vizuri.

Metali za namna hii zisiitwe adimu. Risasi si adimu duniani. Ni kidogo ndani ya sampuli, basi tuziite metali za kiasi kidogo. Kinasametali pia si chujio. Chujio la maji la Askwar Hilonga wa Arusha, lililoshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015, linatumia mchanga na vitu vya kiwango cha nano, lakini shabaha yake ni mtu anywe maji safi. Huko kilichonaswa kikae huko huko. Maabarani kisiponasuliwa chote, asali yenye risasi husomeka kuwa salama, na unga ukitumika tena, mabaki yake huhesabiwa kwa mfugaji mwingine. Ndiyo maana fundi makini hutia kiasi cha risasi anachokijua ndani ya asali safi, hupitisha hatua zote, kisha huandika ni asilimia ngapi imerudi, kabla ya kugusa sampuli ya mteja.