Kanuni ya Dahl

Kanuni ya Dahl ni badiliko la konsonanti katika baadhi ya lugha za Kibantu za Afrika Mashariki. Silabi mbili zinazofuatana zikianza na konsonanti sighuna (kama p, t, k), ile ya kwanza hugeuka kuwa ghuna (b, d, g). Carl Meinhof aliipa jina mwaka 1903, akimtaja mwanafunzi wake, mmisionari Edmund Dahl, aliyemweleza habari za Kinyamwezi.

Kiswahili hakina kanuni hii, hivyo ni kipimo kizuri. Neno *tatu* kwa Kisukuma ni *idatu*, maana t inafuatwa na t nyingine. Lakini *tano* ni *itano*: n ni ghuna tayari, t haina sababu ya kubadilika.

Katika Kikuyu inayogeuka ni k. Kiambishi *ka-* kimebaki katika Kandara na Kangema, kikawa *ga-* katika Gatanga. Jina la lugha yenyewe ni *Gĩkũyũ*. Mfano wa Githunguri ni mgumu kidogo: th ya Kikuyu siku hizi hutamkwa kama dh ya "dhahabu", yaani ni ghuna, na bado *kĩ-* inakuwa *gĩ-*. Sababu ni kwamba zamani sauti hiyo ilikuwa sighuna. Matamshi yamebadilika, kanuni imebaki na alama yake.

Ramani ya Rwanda nayo inafundisha: Kigali na Kibuye, lakini Gitarama na Gisenyi. Kinyarwanda hubadilisha pia t: *tuvuga* (tunasema), *dukora* (tunafanya). Wakuria huita lugha yao *Igikuria*.

Badiliko hili haliongezi maana. Ni tofauti na Kifula cha Afrika Magharibi, ambamo konsonanti ya kwanza hubadilika pamoja na umoja na wingi: *gorko* (mwanamume), *worɓe* (wanaume). Wala isichanganywe na kanuni ya Meinhof, inayohusu ving'ong'o, kama Kiganda *olulimi*, wingi *ennimi*.

Kigiriki cha kale na Kisanskriti zina jambo linalofanana, kanuni ya Grassmann (1863), ila huko kinachopotea ni mpumuo.

Mzungumzaji huifuata kanuni bila kufundishwa. Akiipeleka katika Kiswahili na kutamka g mahali pa k, mwalimu asidhani ni uzembe. Ni sarufi ya lugha yake ya kwanza.