Samaki wa bwawani wanapoanza kufa: namna ya kujua chanzo na hatua za kuchukua

Mvua za kwanza zikianza, au baridi ya Juni na Julai ikiingia, swali moja hutufikia mara nyingi kutoka kwa wasikilizaji wetu wanaofuga samaki: "Nimeamka nimekuta samaki wanaelea. Niwape dawa gani?"

Tunaelewa haraka hiyo. Bwawa limechimbwa kwa nguvu au kwa mkopo, chakula kimenunuliwa kwa miezi, na mavuno ndiyo ada ya shule. Lakini kabla ya dawa kuna swali jingine: samaki wanaumwa, au maji ndiyo mabaya? Katika mabwawa madogo ya nyumbani, maji ndiyo chanzo mara nyingi zaidi kuliko ugonjwa. Mfugaji anayekimbilia dawa hupoteza saa ambazo zingeokoa samaki waliobaki.

Makala haya yanahusu perege, ambao wengine huwaita sato, na kambale wanaofugwa kwenye bwawa la udongo, la turubai au tangi.

Kwanza, tazama maji

Hewa kuisha ndani ya maji. Mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hutoa hewa mchana kukiwa na jua. Usiku hugeuka, nayo hutumia hewa ileile wanayovuta samaki. Ndiyo maana hewa huwa kidogo kabisa alfajiri, hasa baada ya siku ya mawingu au pale mbolea na chakula vilipozidi. Dalili yake ni perege wengi kuja juu kwa pamoja na kuhema midomo ikiwa wazi. Mara nyingi wakubwa hufa kwanza. Jua likipanda, waliopona huanza kuogelea kama kawaida.

Hatua za haraka ni hizi: ingiza maji mapya, yakidondoka kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Kama huna mfereji, chota maji ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, au tumia pampu kuyarusha. Acha kulisha siku hiyo, na usiweke samadi mpaka rangi ya kijani ipungue. Kumbuka kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya nje, hivyo kuja juu mara mojamoja kwake si ugonjwa.

Kipimo rahisi cha rangi ya maji ni mkono wako. Zamisha mkono ukiwa umenyooka. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, bwawa liko vizuri. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, kijani kimezidi na hatari ya alfajiri ni kubwa.

Uchafu wa kinyesi na mabaki ya chakula. Vitu hivi vikioza hutoa amonia, sumu inayounguza mashavu ya samaki. Samaki hupoteza hamu ya kula, hulegea, na maji huweza kutoa harufu mbaya. Matangi na mabwawa ya turubai yenye samaki waliobanana ndiyo huathirika zaidi. Acha kulisha kwa siku 1 au 2, kisha toa robo hadi theluthi ya maji ya chini na ujaze mapya. Usimwage chokaa wakati huo, kwa sababu chokaa huongeza ukali wa amonia.

Sumu za mashambani. Baadhi ya dawa za kuua wadudu ni kali mno kwa samaki hata zikiwa kidogo sana. Dalili yake ni vifo vya ghafla vya samaki wa rika zote, pamoja na vyura na wadudu wa majini, mara nyingi baada ya mvua au jirani kupulizia shamba. Funga mfereji unaoingiza maji hayo na utafute maji safi kutoka kwingine. Samaki waliokufa kwa sumu wasiliwe, wasiuzwe, wala wasipewe mbwa.

Pili, kagua samaki mwenyewe

Kama maji ni mazuri na samaki wanaendelea kufa wachache kila siku, fikiria ugonjwa. Vua samaki 3 hadi 5 wanaoonekana dhaifu lakini wangali hai. Aliyekufa tangu usiku hana msaada, kwa sababu mwili wake huoza upesi na kuficha dalili. Lowesha mikono kabla ya kuwashika, kisha angalia ngozi, mapezi, macho, tumbo, na funua mashavu. Mashavu ya samaki mzima ni mekundu yenye kung'aa.

Nyuzi nyeupe kama pamba mwilini ni ukungu, au fangasi. Huota kwenye kidonda kilichosababishwa na wavu, kupigana au kusafirishwa vibaya, na huzidi wakati wa baridi. Perege hupenda maji ya nyuzi joto 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kidogo na kinga ya mwili wake hushuka.

Vidoadoa vyeupe kama punje za chumvi, samaki akijisugua kwenye kingo au mawe, ni vimelea wadogo. Wengine hukaa kwenye mashavu, na hapo utaona ute mwingi na samaki akihema hata mchana. Ruba na chawa wa samaki huonekana kwa macho.

Vidonda vyekundu, mapezi yaliyoliwa, tumbo kujaa maji na magamba kusimama ni dalili za bakteria. Macho kutokeza nje na samaki kuogelea akizunguka mahali pamoja ni dalili za bakteria wa aina nyingine wanaoshambulia ubongo.

Chumvi: tiba ya kwanza ya nyumbani

Chumvi ya kawaida husaidia dhidi ya ukungu na vimelea wengi wa juu ya ngozi. Pima gramu 10 kwa kila lita ya maji. Ndoo ya plastiki ya lita 20 inahitaji gramu 200, yaani kilo 1 inatosha ndoo 5. Koroga mpaka chumvi yote iyeyuke ndipo uingize samaki wachache. Jaribu kwanza na samaki 2. Waache dakika 10, zisizidi 20, ukiwa umesimama hapohapo. Samaki akilala ubavu, mtoe mara moja na kumweka kwenye maji safi. Unaweza kurudia baada ya siku 2 au 3, kwa sababu kimelea wa vidoadoa vyeupe akiwa bado chini ya ngozi chumvi haimfikii. Humpata anapotoka.

Kumwaga pakiti mbili tatu za chumvi kwenye bwawa zima hakusaidii. Bwawa la mita 10 kwa 10 lenye kina cha mita 1 lina lita 100,000. Kufikia kipimo hicho kungehitaji kilo 1,000, yaani magunia 20 ya kilo 50.

Dawa za kuepuka

Usifungue vidonge vya binadamu au vya kuku na kuvimwaga majini. Dozi haijulikani, bakteria huzoea dawa, na mabaki hubaki kwenye nyama utakayokula wewe na wateja wako. Antibiotiki hutolewa na daktari wa mifugo, huchanganywa na chakula, na lazima zipite siku alizoelekeza kabla ya kuvua. Dawa za rangi zinazouzwa kwa samaki wa mapambo zisitumike kwa samaki wa kula.

Vipo pia virusi ambavyo havina tiba. Kirusi cha perege kilichotambuliwa Israel mwaka 2014 kilienea nchi nyingi, na mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari kwa wafugaji. Watafiti wamekuta vinasaba vyake kwa samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Kwa hiyo vifo vingi vya perege visivyoeleweka ni habari ya kutoa taarifa. Ukinyamaza, jirani atanunua ugonjwa uleule.

Nani wa kumwita

Anza na afisa uvuvi wa kata au wilaya, ambaye wengi bado humwita bwana samaki. Mweleze vifo vilianza lini, saa ngapi, samaki wa ukubwa gani, ulilisha nini, na kama kulikuwa na mvua au upuliziaji. Mtumie picha za mashavu, vidonda na rangi ya maji. Akihitaji sampuli, peleka samaki mgonjwa aliye hai kwenye mfuko wenye maji na hewa. Ikishindikana, aliyekufa muda huohuo akiwa ndani ya barafu.

Kuzuia kuliko kutibu

Toa samaki waliokufa kila asubuhi na uwazike mbali na maji. Nyavu na ndoo zilizotoka kwa jirani zioshwe na kukauka juani kabla ya kugusa bwawa lako. Nunua vifaranga mahali panapojulikana, na ukiweza watenge wiki 2 kabla ya kuwachanganya. Lisha kile kinachoisha ndani ya dakika 15 hivi.

Kila baada ya mavuno, kausha bwawa mpaka tope lipasuke, kisha nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa mita 100 za mraba. Chokaa ya kupaka kuta isiingie kabisa kwenye bwawa lenye samaki, maana itawaua.

Na kesho alfajiri, kabla ya kwenda shamba, pita bwawani. Dakika 5 za kutazama samaki wanavyohema na wanavyokimbilia chakula zitakuonyesha tatizo siku kadhaa kabla halijafika kwenye kuelea.